Bakuli Lililorukwa

Uongo aliousema Teopista ulikuwa mfupi. Alisimama kwenye geti la Nyumba ya Mlimani, makao ya yatima nje kidogo ya mji wa Masaka, mjukuu wake kamshika gauni lake la gomesi kwa nyuma, akamwambia mlinzi, "Huyu nimemtoa kwa majirani. Wazazi wamekwisha. Hana mtu." Basi. Kuusema ilikuwa kazi ya pumzi moja. Kuishi nao ndiko kulikomkondesha.

Tusiharakishe kumlaumu. Mwanawe Lawrensi na mkewe walifuatana kaburini ndani ya mwaka mmoja, wakamwachia kitoto kiitwacho Resty na shamba la mibuni iliyokwisha kuanza kunyauka. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na kidonda kisichosikia dawa. Alisuka mikeka, lakini mkeka unasukwa taratibu na tumbo la mtoto halina subira. Ilifika mahali mashavu ya Resty yakavimba na nywele zikageuka nyekundu, na Teopista, ambaye alikuwa hajamaliza kumlilia mwana, akaona wazi kwamba sasa atamzika na mjukuu. Mwanamke mmoja wa kijijini alishajaribu kumpeleka mjukuu wake kule mlimani. Mkurugenzi, Bwana Lubowa, alimrudisha pale pale. "Mtoto mwenye bibi si yatima," alimwambia. "Ni mtoto wa bibi yake. Hapa tunapokea wasio na mtu." Teopista alipoyasikia maneno hayo, akajua la kusema.

Usiku wa kuamkia safari alimkalisha Resty mkekani, akamfundisha kama mtu anavyofundisha sala.

"Huko mimi nani?"

"Jjajja."

"Nitakuchapa, Resty! Huko hakuna Jjajja. Ukiniita bibi watanifunga, na wewe watakurudisha, na hapa hakuna chakula. Haya. Mimi nani?"

Mtoto alifikiri kidogo. "Jirani."

"Tena."

"Jirani. Mama jirani."

Hakuwahi kumchapa maishani mwake, na mtoto alilijua hilo. Kilichomtisha Resty si fimbo, ni lile neno kufungwa. Alilala nalo.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo Teopista alikuwa amemfundisha zamani, tangu mtoto anaanza kutamka, na hilo usiku ule hakulikumbuka. Kwao mtoto hufundishwa ukoo kabla hajajua kufunga kifungo. "Mimi ni Resty, mtoto wa Lawrensi, mjukuu wa Yozefu, na sisi ni wa Senene." Mtu wa ukoo wa Senene hali senene, wale panzi wa kukaanga, hata msimu wao ukifika na Masaka yote ikanukia mafuta. Ni wenzake. Marehemu Yozefu, mume wa Teopista, alikuwa mtu wa masihara, lakini katika hilo hakuwa na mzaha. Teopista mwenyewe alizaliwa ukoo wa Mbega, na kwao alikua akila senene mpaka anaumwa tumbo. Siku aliyoolewa, Yozefu alimwambia, "Katika sufuria zangu usinikaangie ndugu zangu. Ukizidiwa na hamu, nenda kale kwa mama yako." Basi maisha yake yote ya ndoa, alipotaka senene alikwenda kuwala kwa mama yake, akirudi anasukutua mdomo mlangoni.

Resty akapokelewa. Mashavu yakashuka, nywele zikarudi nyeusi, akaanza shule. Kila kitu alichokiomba Teopista alikipata, ila bibi akatoka bure. Jamaa hawaruhusiwi kutembelea, kwa kuwa jamaa hawapo. Waliokuwa wakiruhusiwa ni akina mama wa parokia ya chini ya mlima, waliokwenda kila Jumapili ya mwisho wa mwezi na sabuni, sukari na ndizi. Teopista akahama parokia. Aliacha kanisa lililokuwa karibu na nyumba yake, akawa anauburuta mguu wake mbovu mpaka kule ambako hakuna aliyemjua, akaomba kuingia kwenye kikundi, baada ya kusikia kwamba mlinzi wa siku ile amekwisha kuondoka. Wakamsifu kwa moyo wake wa huruma. Akainamisha kichwa, maana zile sifa zilimchoma.

Kiongozi wa kikundi alikuwa Nnalongo Federesi, mama wa pacha, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuuzia samaki sokoni na macho yasiyopitwa na kitu. Huyo ndiye ambaye Teopista alimwogopa kuliko hata Bwana Lubowa.

Kila Jumapili ya mwisho ilikuwa hivyo hivyo. Watoto wanatoka mbio, wanapiga magoti mstari mzima kuamkia. Resty naye anapiga magoti kati ya wenzake, macho chini.

"Habari za huko, mama jirani?" Wenzake nao walikwisha kuliiga jina hilo kwa akina mama wote, basi halikumshangaza mtu.

"Nzuri, mwanangu. Mnasoma?"

"Tunasoma."

Basi, imekwisha. Teopista anahamia kwa mwingine. Aliwakumbatia watoto wa watu, akawapangusa kamasi, akawabeba mgongoni, ili akifika kwa Resty amguse kichwa mara moja tu na kupita. Alikuwa akiogopa mtoto atasahau na kumwita Jjajja mbele ya watu. Kisha, miezi ilivyokwenda na mtoto hakukosea hata mara moja, akaanza kuogopa jambo jingine, kwamba labda mtoto amesahau kweli.

"Wewe Teopista," Nnalongo alimwambia siku moja wakishuka mlima, "wenzake unawalamba kama ng'ombe na ndama. Huyu wa macho makubwa unampita kana kwamba anakudai. Kakukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Basi ana macho ya kumtisha mtu mzima!" Wenzake wakacheka. Teopista akacheka nao.

Mwaka wa pili, mwezi wa kumi, Nnalongo alikuja kanisani na habari iliyokuwa ikimwasha mdomoni. "Yule wa macho makubwa kapata wazungu! Mume na mke. Walikuja kutembelea, wakampenda. Kwa vile hana mtu hata mmoja duniani, mambo yamekuwa mepesi. Afisa ustawi akimaliza kuuliza-uliza, mtoto anapanda ndege."

"Anakwenda likizo?" aliuliza Teopista.

"Likizo gani, dada yangu? Anakwenda kuwa wao. Jina jipya, baba mpya, mama mpya. Sisi tutamsahau na yeye atatusahau."

Teopista alikaa kwenye benchi. Alisema ni mguu.

Tangu siku hiyo chakula hakikushuka. Akisema kweli, watamfunga kwa kuwadanganya, na mtoto atafukuzwa, na nyumbani bado hakuna kitu. Asiposema, hatamwona tena mpaka afe, na kaburi la Lawrensi litabaki bila mtu wa kulipalilia. Na kulikuwa na hofu ya tatu, ile ambayo hakuweza hata kuiungama. Aliogopa kwamba labda huko Ulaya ndiko mtoto angeneemeka, na kwamba anayemzuia ni bibi mmoja mbinafsi, mwenye kidonda. Alisuka, akafumua, akasuka tena mkeka ule ule.

Senene wakaja Novemba, wengi kuliko miaka yote watu waliyokumbuka. Mabati ya kuwanasia yalimeta kila kilima, magunia yakajaa soko. Nnalongo akatangaza kwamba Jumapili ile akina mama hawapeleki ndizi. "Tunawapelekea watoto senene! Wazungu watakuwepo na afisa ustawi atakuwepo. Wao wakikataa kula, si ndiyo watabaki wengi?"

Jumamosi wakakusanyika uani kwa Nnalongo kuwanyonyoa mabawa na miguu. Vidole vya Teopista vilikwenda vyenyewe, alivyofundishwa na mama yake.

"Mtazameni huyu!" alisema Nnalongo. "Mikono imezaliwa ndani ya gunia la senene. Mumeo marehemu alifaidi."

"Mume wangu hakuwala."

"Mwanamume wa Masaka asile senene? Alikuwa mgonjwa?"

Teopista alikuwa amekwisha kufungua mdomo. Akaufunga. "Hakuwapenda tu," alisema, akainamia beseni.

Jumapili walipofika mlimani, watoto walikuwa wameketi kwenye mikeka chini ya turubai, kila mmoja na bakuli lake la bati. Mbele, kwenye viti, alikaa Bwana Lubowa na suti yake, na afisa ustawi wa wilaya, mwanamke mkimya aitwaye Solome, na wale wageni wawili. Mzungu mume alikuwa mrefu, akitabasamu kwa kila mtu. Mkewe hakukaa kitini. Alikaa mkekani, Resty kando yake na viatu vipya vyekundu, na alikuwa amemshika mkono kwa namna ambayo Teopista hakuweza kuichukia ingawa alijaribu.

Bwana Lubowa alisema maneno yake marefu. Kisha Solome akasimama.

"Sheria inanitaka niulize, na ninauliza mbele ya watu wote," alisema. "Kama kuna mtu anayemjua ndugu wa mtoto huyu, baba mdogo, shangazi, bibi, yeyote, aseme leo. Baada ya leo tutahesabu kwamba hana."

Kuku alipita kati ya mikeka. Akilini Teopista alimwona askari akija na pingu, akaona mlango wa chuma, akaona na mguu wake ukiozea humo. Alisema moyoni, sasa, sema sasa. Akatazama chini. Alipoinua macho, Solome alikuwa ameketi.

"Haya, tuleni!" alipaza sauti Nnalongo.

Wakaanza kupakua. Nnalongo alitangulia na mihogo ya kuchemsha, Teopista akamfuata na beseni la senene na kijiko kikubwa. Alikuwa kama mtu aliyepigwa kichwani. Hakuwaona watoto, aliona mabakuli tu. Kijiko kwenye beseni, kijiko kwenye bakuli. Beseni, bakuli. Beseni, bakuli. Akapita. Beseni, bakuli.

"Eh, Teopista!" Ilikuwa sauti ya Nnalongo, na vicheko tayari vilikuwa ndani yake. "Umemruka mgeni rasmi!"

Teopista aligeuka. Nyuma yake, katikati ya mabakuli yaliyojaa, palikuwa na bakuli moja lenye muhogo mtupu. Mkono wake ulikuwa umefanya kile ulichokuwa ukikifanya maisha yote kwenye nyumba ya Yozefu, bila kumwuliza. Ulimruka mtu wa Senene.

Watu walicheka, halafu kicheko kikapungua. Katika nchi ile hakuna mtu mzima asiyejua kwa nini mpakuaji wa senene huliruka bakuli la mtu.

"Kwani huyu ni wa Senene?" aliuliza Nnalongo. Sasa hakuwa akicheka. "Umejuaje ukoo wake?"

Solome aliinua kichwa.

"Ukoo gani, jamani?" Bwana Lubowa aliingilia, akitabasamu kwa wageni. "Mtoto huyu hakuna anayejua ametoka wapi. Mama huyu ni mzee. Ni macho tu."

Mlango huo hapo, uko wazi. Na Teopista, Mungu amsamehe, akaupitia. "Ndiyo," alisema. "Ni macho." Akarudi hatua zile chache, akachota, na kijiko kikigonga ukingo wa bati, akamwagia senene kwenye bakuli la mjukuu wa Yozefu.

Resty alilitazama bakuli. Kisha alimtazama bibi yake, usoni, moja kwa moja, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka miwili. Teopista akajua mara moja kwamba mtoto hajasahau kitu. Hajasahau Jjajja, hajasahau Senene, hajasahau na lile neno kufungwa. Alikuwa ameelewa kila kitu na sasa alikuwa akifanya kazi aliyofundishwa. Akachukua senene mmoja kwa vidole viwili. Machozi yalikuwa yakimteremka kimya kimya, na mkono ukipanda. Senene akamgusa mdomo.

"Usile!"

Beseni lilianguka. Senene wakamwagika kwenye mikeka yote, na Teopista alikuwa amepiga magoti katikati yao, ameushika ule mkono mdogo.

"Usile wenzako, mwanangu. Mtupe. Mtupe huyo. Mimi ni Jjajja wako. Nimesema uongo mimi, si wewe."

Resty ndiye aliyezungumza kwanza, na alizungumza haraka, akimgeukia Solome.

"Hapana. Si Jjajja. Huyu ni jirani." Akajipanga mbele ya bibi yake, na viatu vyake vyekundu, kana kwamba mwili wake ungeweza kumficha. "Ni jirani tu. Msimfunge."

Nnalongo Federesi alijifunika uso na kitambaa.

Solome aliinuka polepole, akaja akachuchumaa. Hakuuliza kwa ukali. "Mwanangu, hakuna anayemfunga mtu hapa leo. Niambie tu. Wewe ni nani?"

Mtoto alimtazama bibi yake kuomba ruhusa. Teopista alitikisa kichwa kukubali. Resty akasimama wima, mikono ubavuni, kama alivyofundishwa kabla ya yote haya.

"Mimi ni Resty, mtoto wa Lawrensi, mjukuu wa Yozefu, na sisi ni wa Senene."

"Umesikia mwenyewe, bwana," Solome alimwambia mkurugenzi. "Hayo hayaokotwi barabarani."

Bwana Lubowa aliwaka, na alikuwa na haki ya kuwaka. "Miaka miwili!" alimpigia kelele Teopista. "Umekalia nafasi ya mtoto ambaye kweli hana mtu! Mbele ya wageni! Amchukue. Leo hii amchukue!" Mzungu mke alikuwa akiuliza, akimshika huyu na yule, mpaka mtu akamweleza. Alimtazama Teopista kwa muda. Kisha aliushika mkono wa Resty, akauachia, kidole kimoja kimoja, akaenda nje ya turubai na kusimama peke yake, mgongo kwa watu.

"Kesho uje ofisini kwangu," Solome alimwambia Teopista. "Uje na mwenyekiti wa kijiji chenu. Uongo ni uongo, utajibu, na siwezi kukuahidi kitakachotokea. Lakini mtoto mwenye watu wake haendi popote."

Wakampa Resty nguo zake kwenye mfuko wa plastiki. Alivua viatu vyekundu mwenyewe, akaviweka pamoja kwenye mkeka, akatoka peku. Getini Nnalongo aliwafuata akihema, mihogo iliyobaki ameifunga kwenye kitenge chake.

"Mwongo mkubwa wewe," alimwambia Teopista, akimsukumia mzigo kifuani. "Miaka miwili namsema mtoto wa watu ana macho ya kutisha, na bibi yake anacheka pembeni! Huna aibu." Pua ilikuwa ikimtoka. "Kesho nakuja na wewe huko ofisini. Wakitaka kukufunga waanze na mdomo huu."

Teremko lilikuwa refu. Teopista alitembea akipiga hesabu za mwoga. Mihogo hii ya leo na kesho. Baada ya hapo nini? Na kama kesho mwenyekiti wa kijiji atakataa kuja? Na wakimweka ndani, mtoto atalala kwa nani? Hofu zake zote za zamani alikuwa amezimwaga pale na senene, na mpya zilikuwa tayari zimempanda mgongoni. Mkono wa Resty ulikuwa ndani ya wake. Ulikuwa umenenepa, una nguvu. Wale watu walikuwa wamemlisha vizuri.

"Mama jirani," alisema mtoto.

Teopista alisimama. "Hayo yamekwisha, Resty."

"Sasa nikuite nani?"

"Unajua."

Resty aligeuka nyuma. Alitazama barabara mpaka kwenye kona, akatazama migomba upande huu na upande ule. Hakukuwa na mtu. Ndipo akamvuta bibi yake gomesi ainame, akamwambia sikioni, kwa sauti isiyofika popote, "Jjajja."

"Sema kwa nguvu, mwanangu. Hakuna wa kutusikia."

Mtoto alitikisa kichwa kukataa.

"Nitasema kesho," alisema. "Wakishakuachia."